Kurasa Zinazozunguka: Laptopu ya Linux na Mtandao wa Kibera na Kawangware

Malalamiko yasikikayo mara kwa mara katika saiba za Kibera, kuanzia Makina hata Laini Saba, na katika vyumba vya kupanga vya Kawangware, kwenye ploti za Gatina na kandokando ya barabara ya Naivasha, ni kwamba mtandao "unazunguka tu": mtu amekwisha kulipia bando lake au ada ya mwezi, amefungua kivinjari, alama ya kungoja inazunguka, na ukurasa haufunguki. Hukumu itolewayo papo hapo aghalabu ni moja, kwamba kampuni ya mtandao imemdhulumu mteja wake. Hukumu hiyo yamkini siku moja moja ni ya haki, lakini mwenye laptopu kuukuu inayotumia mfumo wa Linux, mara nyingi humpeleka kununua bando kubwa zaidi, ilhali dosari imekaa ndani ya laptopu yenyewe, au hatua chache tu kutoka pale alipoketi.

Laptopu hizo huja kwa njia inayojulikana. Ofisi za Ulaya hubadilisha vyombo vyake kila baada ya miaka michache, na vile vilivyotumika huingia Nairobi kwa jina la ex-UK, vikauzwa katika maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue, ThinkPad na EliteBook kwa wingi, aghalabu vikiwa na ramu ya gigabaiti 4. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na maadamu nyingi katika hizo hazikubaliwi na Windows 11, fundi anayemshauri mteja atie Linux Mint au Xubuntu anamshauri vyema, kwa kuwa mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hautozwi ada na hauchoshi mashine. Lakini Linux, kama chombo chochote, huja na mipangilio iliyochaguliwa na watu wasioijua hali ya Kawangware.

Kwanza yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo matangazo ya biashara huyachanganya. Kasi itajwayo katika matangazo ni wingi wa data upitao kwa sekunde moja. Naye mwenye kujaza fomu ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, au kusoma gazeti hana haja kubwa ya wingi huo, bali ana haja ya jibu kurudi upesi. Kabla ya herufi ya kwanza kuonekana, kivinjari hulazimika kusalimiana na seva, kisha kupatana nayo juu ya siri ya mazungumzo, ndipo kiombe ukurasa, na kila jambo katika haya ni safari ya kwenda na kurudi. Wakati Kenya ilipotegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, safari moja ilichukua nusu sekunde au zaidi, hata iwe bando la mtu ni kubwa namna gani. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, muda huo ulipungua sana. Hata hivyo safari ya Ulaya ingali inapita milisekunde 100, na safari nne tano zikifuatana hujumlika. Kwa sababu hiyo kilikuwa na faida kubwa kile kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, kilichofunguliwa Nairobi mwaka 2000, kikafungwa kwa amri ya tume ya mawasiliano ya wakati ule, kisha kikafunguliwa tena Februari 2002: barua pepe iliyotoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mwingine haikuhitaji tena kuvuka ng'ambo na kurejea.

Kisha kuna habari ya majina. Kompyuta haziitani kwa majina tuyaandikayo sisi, bali kwa tarakimu. Hivyo kivinjari, kabla ya kusafiri kokote, lazima kiulize jina fulani linakaa wapi, na kwa kuwa ukurasa mmoja wa gazeti huchukua picha huku, matangazo kule, na vihesabio vya wasomaji kwingineko, maswali hayo huweza kufika makumi. Hali yake ni ya mgeni anayemtafuta mwenyeji wake Gatwekera, huko Kibera, ambako milango haina namba: akiuliza kila kona atafika, lakini aliyefika jana akaikariri njia atamtangulia. Ubuntu na Mint huikariri njia kwa programu iitwayo systemd-resolved, na amri ya resolvectl statistics huonyesha ni majibu mangapi yaliyotoka katika ghala ya njia zilizokaririwa. Debian isiyoongezwa kitu haina ghala ya namna hiyo, na kuiweka ni kazi ya dakika chache.

Watu wengi hushauriana kubadilisha seva ya majina, watumie 8.8.8.8 ya Google, iliyoanza mwaka 2009, au 1.1.1.1 ya Cloudflare, iliyoanza mwaka 2018. Ushauri si mbaya, ila unahitaji hadhari. Ikiwa kampuni yako huyapeleka maswali hayo mpaka Ulaya, utajibiwa kwa kuchelewa, na pengine utaelekezwa kwenye nakala ya tovuti iliyo Ulaya, ilhali nakala nyingine ipo hapa hapa Nairobi. Amri ya resolvectl query, ikifuatwa na jina la tovuti, hutaja muda uliotumika kwa milisekunde. Apimaye kwanza ndiye ajuaye la kubadilisha.

Tukija chumbani, mabati ni adui mkubwa wa mawimbi, na ploti moja yaweza kuwa na rauta nyingi zinazogombania mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo njia zake zisizoingiliana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Fungua dirisha la amri, uandike ping ukifuatisha anwani ya rauta yako, ambayo aghalabu ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kisha utazame nambari za milisekunde zinavyofuatana. Zikiwa 2, 3, 2, 4, chumba chako ni salama. Zikiwa 3, kisha 140, kisha 5, kisha 90, basi taabu haijafika hata mlangoni, na kampuni ya mtandao haina lawama. Kadi ya waifai huenda inasinzia ili kuhifadhi betri, jambo ambalo Ubuntu huliruhusu tangu siku ya kwanza: katika faili iliyopo /etc/NetworkManager/conf.d, yenye jina linaloishia na wifi-powersave-on.conf, mstari wa wifi.powersave hubeba tarakimu 3. Ukiandika 2 badala yake na kuiwasha upya NetworkManager, usingizi huo hukoma. Betri itaisha mapema kidogo. Nambari zikikataa kutulia, sogeza rauta, au ubadilishe njia yake.

Lakini kero ambayo nadhani haijulikani vya kutosha ni ile ya laini inayoshirikiwa. Wapangaji huchanga, wakalipia laini moja, na kila jioni mmoja anapopakia video au simu yake inapohifadhi picha, wengine wote huona kurasa zimesimama. Sababu ni kwamba rauta hupanga foleni ndefu ya data badala ya kuzikataa zilizozidi, na ombi dogo la kufungua ukurasa hujikuta nyuma ya shehena nzima ya video. Jim Gettys alilipigia kelele jambo hili, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatangaza mbinu ya kuipunguza foleni hiyo, mbinu iliyoingia katika Linux mwaka huo huo kwa jina la fq_codel. Laptopu yako yamkini inayo tayari. Bahati mbaya foleni yenyewe iko kwenye rauta, hivyo ufumbuzi ni kupata rauta inayokubali OpenWrt, yaani Linux iliyotengenezwa kwa ajili ya rauta, kuipa kikomo kilicho chini kidogo ya kasi ya laini, na kuiachia igawe kwa haki. Ningekuwa mwenye ploti ningelifanya hili kabla ya kuongeza senti moja katika ada ya mwezi.

Mengine ni mepesi. Amri ya free -h ikionyesha kwamba ramu imekwisha na diski imeanza kutumiwa badala yake, funga vichupo, au uweke zram, inayobana data ndani ya ramu yenyewe. Kizuia matangazo cha uBlock Origin, kazi ya Raymond Hill, huharakisha kurasa na kuokoa bando, na siku hizi hufanya kazi kwa ukamilifu katika Firefox, si katika Chrome. Na ule ushauri wa zamani wa kuizima IPv6, ule mfumo mpya wa anwani za mtandao, uachwe, kwa kuwa vivinjari vya leo hujaribu njia zote mbili, mpya na ya zamani, kwa zamu na kufuata itakayojibu mapema.

Yapo masaibu ambayo laptopu haiyaponyi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Kenya na Tanzania zikataabika. Aliyekuwa akibadilisha seva za majina siku hiyo alijichosha bure. Dawa ya misukosuko hiyo ni kuyaweka karibu yale yatumiwayo kila siku, na Kibera imelifanya: Taasisi ya Tunapanda, inayowafundisha vijana teknolojia, ilijenga mtandao wa kijamii uitwao TunapandaNET, unaounganisha shule na vituo vya vijana kwa antena zilizosimikwa juu ya mapaa, na masomo yakawekwa katika seva ya humo humo, yakapatikana bila kupitia ng'ambo. Nayo Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa mwaka 2021 utaratibu wa leseni kwa mitandao ya namna hii, ili wenye mtaa wasipimwe kwa masharti yaliyotungwa kwa ajili ya kampuni kubwa.