Mzee Mstaafu na Mkewe Walala Las Vegas: Kitanda Katandika Nani?



Huko Marekani iko desturi ambayo kwetu bado ni ngeni. Mtu akistaafu kiwandani, yeye na mkewe hutafuta gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, wakafunga mlango wa nyumba na kushika njia. Wengine huenda miezi mizima. Wale wa kaskazini hukimbia theluji na kufuata jua la jangwani, na wengi wao hupitia mji wa Las Vegas katika jimbo la Nevada. Hulitazama bwawa la Hoover, lililofunguliwa mwaka 1935, kisha husimama mjini siku mbili tatu. Hulala hotelini ili mama apumzike na jiko la garini, wakala vizuri, wakasikiliza waimbaji.

Kazi kubwa ya mji huo ni starehe. Sheria ya Nevada iliruhusu kamari mwaka 1931, na tangu hapo hoteli zimejengwa jangwani moja baada ya nyingine.

Sasa tuulizane: wazee hao fedha za safari wamezipata wapi? Yuko atakayejibu kwamba Marekani ni nchi tajiri. Hilo si jibu. Utajiri ulikuwapo hata zamani, wakati mzee wa kiwandani alipokuwa akiondoshwa mikono mitupu. Sheria ya malipo ya uzeeni ilitiwa sahihi mwaka 1935. Siku hizi mfanyakazi hukatwa asilimia 6.2 ya mshahara, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho. Zaidi ya hapo, wafanyakazi wa viwanda vya magari walidai pensheni ya kampuni yenyewe. Ford ilikubali mwaka 1949. Chrysler ilikubali kwa mdomo, lakini ilikataa kuziweka fedha hizo kwenye mfuko wake maalumu. Wafanyakazi wakaona kuwa ahadi bila mfuko ni maneno matupu, wakagoma siku 104 mwaka 1950 mpaka mfuko ukapatikana. Basi mzee wa kiwanda cha magari akiendesha gari lake jangwani, petroli anayochoma imetokana na mgomo ule.

Tuingie hotelini. Mzee na mkewe wakitoka kwenda kula asubuhi, anaingia mama mwenye toroli la mashuka. Anageuza magodoro, anasugua bafu, anafuta vioo, anatoka, anaingia chumba cha pili. Siku moja hufanya vyumba zaidi ya kumi. Mama huyu naye ana mgongo, na miaka yake inakwenda. Je, naye atastaafu na kusafiri, au kazi yake ni kuwatandikia waliostaafu tu?

Swali hili walilishika wenyewe, katika chama chao kiitwacho Culinary Workers Union, tawi namba 226, chenye wapishi, wahudumu wa meza na wahudumu wa vyumba. Mmoja wao alikuwa Hattie Canty, mama Mwafrika wa Marekani aliyezaliwa Alabama. Mumewe alifariki mwaka 1975 akamwachia kundi la watoto. Alifanya kazi ya kusafisha vyumba, akaingia katika mgomo mkubwa wa mwaka 1984, na mwaka 1990 wenzake wakamchagua kuwa rais wa tawi. Tukumbuke kwamba hadi mwaka 1960 hoteli kubwa za mji huo hazikuwapokea watu weusi kama wageni. Mwimbaji kama Sammy Davis Jr. aliweza kuimba jukwaani usiku, kisha akatafute pa kulala kwingine.

Mtihani wa Hattie Canty na wenzake ulikuwa hoteli ya Frontier. Familia ya Elardi iliinunua mwaka 1988, na baadaye ikapunguza mishahara na kuacha kuchangia pensheni. Tarehe 21 Septemba 1991 wafanyakazi 550 wakatoka nje. Walisimama langoni mchana na usiku, wakipokezana zamu kama askari, katika joto ambalo mtu hawezi kugusa mlango wa gari kwa kiganja kitupu. Chama kiliwapa posho na chakula. Wapo waliofariki dunia wakiwa bado wagomaji. Mgomo ulidumu miaka 6 na miezi 4, na katika muda wote huo hakuna hata mmoja wa wale 550 aliyeuvuka mstari wa wenzake na kurudi kazini. Mimi nimeshaona migomo inayovunjika siku ya tatu kwa sababu ya mfuko wa unga, kwa hiyo habari hii niliisoma mara mbili. Hatimaye hoteli iliuzwa kwa Phil Ruffin, naye akatia sahihi mkataba. Mwezi Februari 1998 wagomaji wakarudi kazini.

Jambo jingine la kuzingatia: kwa sheria ya Nevada, mtu hawezi kulazimishwa kujiunga na chama hata akiwa analindwa na mkataba wake. Hata hivyo walio wengi sana wamejiunga. Mwaka 2023 tawi hilo lilipata mikataba mipya katika hoteli kubwa bila mgomo, ikiwa na nyongeza ya mshahara ya asilimia 32 hivi kwa miaka mitano, na vyumba kusafishwa kila siku. Hili la mwisho lisidharauliwe. Chumba kikiachwa siku tatu, uchafu wa siku tatu humngoja mtu mmoja, na saa zake za kazi haziongezwi.

Kuhusu zile mashine za kamari, sheria ya Nevada inataka mashine irudishe kwa wachezaji angalau senti 75 katika kila dola. Nyingi hurudisha zaidi. Lakini hazirudishi dola nzima, na wazee wengi huacha pensheni yao humo. Wametoa jasho miaka 30 kuipata, kisha wanamrudishia tajiri mwingine wakiwa wamekaa kwenye kiti laini!

Kwetu Uganda, mfuko wa NSSF hupokea asilimia 5 kutoka kwa mfanyakazi na 10 kutoka kwa mwajiri, na mtu hulipwa akitimiza miaka 55. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, kila mwajiri anapaswa kuchanga, hata mwenye wafanyakazi wachache. Mwenye shaka na amwone mjumbe wa tawi lake, aje na hati ya mshahara na namba yake ya uanachama, ili tutazame kama fedha alizokatwa zilifika.