Gogo Lililoshinda Patasi

Mteja aliniletea kipande cha gogo nikitie miguu ya mninga, kiwe meza ya sebuleni. Kilikuwa duara la upana wa sinia, unene wa kiganja, na bado tulikishusha watu wawili huku tukihema. Pete za mti zilionekana zote, na pale lilipochipuka tawi fundo lilikuwa limekaa vilevile. Nikakikwaruza upande wa chini kwa ncha ya patasi. Patasi ndiyo iliyolika, ikaacha mstari wa kijivu.

Lilikuwa jiwe, limetoka Madagaska. Na sisi Afrika Mashariki tunayo magogo ya aina hii, kule Sibiloi, mashariki mwa Ziwa Turkana.

Mti ukianguka juani huoza au huliwa na mchwa. Sisi maseremala tunalijua hilo kuliko wengine. Ila ukifukiwa upesi na tope na majivu ya volkano, hewa inakuwa haba na kuoza kunachelewa. Maji ya ardhini huyeyusha silika iliyomo kwenye majivu, yakapenya katika vinyweleo vya mti, na silika ikaganda humohumo, kidogo kidogo, mpaka ikawa kwatzi. Chuma hutia wekundu na manjano.

Kwenye jangwa la Arizona, Marekani, yamelala magogo ya zaidi ya miaka milioni 200, mengi yamekatika vipande vilivyonyooka utadhani yamepitishwa kwenye msumeno. Hakuna aliyeyakata. Kwatzi ni ngumu lakini haipindi, ardhi ikicheza inavunjika. Wanavajo walisema hiyo ni mifupa ya Yeitso, jitu lililouawa zamani. Wapaiute wakasema ni mishale ya Shinauav, mungu wa radi. Siku hizi wauzaji wa vito wanadai jiwe hili huleta subira na kuponya maungo. Mgongo wangu baada ya kulibeba ulisema vingine. Nabaki na jitu la Wanavajo.

Magogo hayo ya Arizona yako ndani ya hifadhi, na kuokota mawe humo ni marufuku, lakini watu huiba, kisha baadhi huyarudisha kwa posta pamoja na barua za kuomba radhi: tangu wayachukue, gari limeharibika, ndoa imevunjika, kazi imepotea. Wahifadhi hawawezi kuyatawanya tena porini, maana haijulikani kila moja lilitoka wapi, na wanasayansi wangepotoshwa. Huyamwaga kwenye lundo moja kando ya njia.