Kabla Muuguzi Hajaandika Barua ya Kuacha Kazi

Muuguzi aliyekaa miaka mingi kliniki ya mama na mtoto katika hospitali ya wilaya anaingia saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri. Akimwona mjamzito anaingia uso umejaa na viatu vimembana, anashuku presha kabla hajamfunga kipimo mkononi. Kisha linatoka tangazo: hospitali ya rufaa inahitaji wauguzi wa chumba cha watoto wachanga mahututi, kazi aliyoitamani tangu akiwa chuoni. Aende au abaki?

Wazazi watamwambia kazi ya serikali haiachwi. Marafiki watamwambia afuate moyo wake. Kwangu mimi, swali la kwanza ni jingine: ule wepesi anaousikia kazini umetoka wapi?

Mwaka 1984 Patricia Benner, muuguzi na mwalimu wa Marekani, alitoa kitabu kinachoeleza hatua tano anazopitia muuguzi, kuanzia mwanagenzi hadi bingwa. Msingi wake ulikuwa kazi ya ndugu wawili, Hubert na Stuart Dreyfus, waliochunguza jinsi marubani na wachezaji wa sataranji wanavyopata ujuzi. Benner alionyesha kwamba umahiri hujengwa kwa miaka miwili au mitatu ya kuhudumia wagonjwa wa aina moja au wanaofanana, na kwamba hata bingwa akipelekwa kwa wagonjwa asiowajua anaweza kurudi kuwa mwanagenzi. Basi wepesi ule si uvivu wala kudumaa. Ni ujuzi, na sehemu yake kubwa imefungamana na mahali.

Tazama anakokwenda. Mtoto njiti wa gramu 1,100 hupewa dawa kwa sehemu ndogo za mililita. Nukta ikikosewa, dozi inakuwa mara kumi. Maziwa hupita kwenye mpira mwembamba unaoingia tumboni kwa njia ya pua au mdomo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, na bomba la sindano huinuliwa ili yashuke yenyewe pasipo kusukumwa. Ubongo wa mtoto huyo haujakomaa, kwa hiyo anaweza kuacha kupumua ghafla. Muuguzi mzoefu humsugua taratibu unyayoni au mgongoni akaanza tena, huku akitazama rangi ya midomo na mkono mwingine ukiwa tayari kushika vifaa vya kumsaidia kupumua. Mgeni husikia kengele ya mashine na kuganda.

Ndiyo maana nasikitika kila ninapoona muuguzi mzuri anakata tamaa mwezi wa tatu, akiamini amekosea njia. Hajakosea. Yuko kwenye uanagenzi, na hakuna aliyemwambia kwamba utamrudia. Mwajiri mpya aulizwe mapema: nitafanya kazi chini ya nani, kwa wiki ngapi, usiku muuguzi mmoja anaangalia watoto wangapi, na lini nitaachiwa zamu peke yangu? Jibu likiwa "utajifunza humo humo", bila jina la atakayemfundisha, ningemshauri asiende. Hapo anayehatarishwa si yeye tu, ni mtoto pia.

Yapo atakayokwenda nayo. Mama wa mtoto njiti huogopa hata kumgusa mwanawe. Kumkalisha, kumfungulia blauzi na kumwekea mtoto kifuani ngozi kwa ngozi kunataka mtu aliyezoea kuzungumza na akina mama waliochoka, na hiyo ndiyo kazi ya kliniki ya kila siku. Anayeondoka kwa kumkimbia metroni, hata hivyo, angoje kwanza hasira ipoe.

Upande wa fedha, kwa Tanzania, mtumishi wa umma huchangia mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF na wa sekta binafsi kwa kawaida ule wa NSSF. Sharti la pensheni ni michango ya miezi 180, yaani miaka 15, kwa hiyo mwenye miaka 13 ana hesabu tofauti na mwenye miaka mitatu. Aende ofisi ya mfuko akapate maelezo ya michango yake kwa maandishi. Mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara nao hauishi kwa sababu ameacha kazi. Deni litamfuata kwenye mkataba mpya, ambao huenda ni wa mwaka mmoja tu.

Ikiwa hospitali anayoitamani ni ya umma, aombe uhamisho kabla ya kufikiria kuacha kazi. Njia hiyo ni ndefu na ina barua nyingi, lakini utumishi wake haukatiki. Wakati anangoja, amwombe muuguzi mfawidhi wa chumba kile ruhusa ya kushinda nao zamu moja, ikiwezekana ya usiku, na abaki mpaka asubuhi wanapokabidhiana wagonjwa. Asikilize wanavyoitoa ripoti, na wanavyomjibu yule mgeni kati yao anapouliza swali.