Kabla ya kuhamia mji: tutajuaje kama mji utatupokea?



Tangu mwezi wa pili wa mwaka 2025, wakati kambi zilizozunguka mji wa Goma zilipovunjwa, kuna swali moja tunaloulizwa karibu kila mara tunapoketi na wakimbizi wa ndani. Zamani walituuliza juu ya mahema, unga na karatasi za utambulisho. Sasa wanauliza: «Tukienda mji fulani, watu wa kule watatupokea?» Kijijini hakuna usalama, kambi haipo tena, na pesa ya lori inatosha safari moja tu. Jamaa ikikosea mji, haina pesa ya kukosea mara ya pili.

Katika makala hii tunaeleza namna sisi wafanyakazi wa uwanjani tunavyochunguza jambo hilo. Hatutasema mji gani ni mwema na mji gani ni mbaya, kwa sababu mji mzima hauna roho moja. Tuchukue mfano wa Kisangani. Mwaka 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulichoma vijiji na ukaingia mpaka ndani ya komune ya Lubunga, iliyo ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo. Maelfu ya watu walivuka mto kukimbilia ng'ambo ya kuume, kwenye komune zingine za mji ule ule. Mji ni mmoja na meya ni mmoja, lakini upande mmoja watu walikimbia nyumba zao na upande mwingine walipata pa kulala. Basi usiulize «Kisangani ni namna gani?» wala «Bukavu ni namna gani?» Uliza kartie, kisha uliza avenue.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika mji ambao hatutautaja, tulishauri jamaa kama ishirini waende kukaa kartie moja kwa sababu watu wa kabila lao walikuwa wengi pale. Tuliona ni ushauri wa akili: wanasema lugha moja, wana mutuelle yao, watasaidiana. Miezi michache baadaye mtu aliuawa kando ya mji, na uvumi ukasema wauaji ni wa kabila hilo. Vijana wenye hasira hawakuhitaji kutafuta. Walijua avenue ya kwenda. Nyumba ziliporwa usiku mmoja. Jamaa tatu tu, ambazo zilikataa ushauri wetu na kukodi nyumba mbali kidogo, katikati ya watu wa makabila mbalimbali, zililala salama: majirani waliziingiza ndani na kuwaambia vijana kwamba hakuna mgeni hapa. Tangu siku ile hatusemi tena «nendeni mahali watu wenu ni wengi» kana kwamba neno hilo linatosha.

Sheria iko upande wenu, na ni vizuri kuijua. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 30, inampa kila mtu haki ya kutembea ndani ya inchi na kuchagua mahali pa kukaa. Kifungu cha 13 kinakataza kumbagua Mkongomani kwa sababu ya kabila, lugha, dini au mahali anapokaa. Kuna hata sheria ya zamani zaidi, ya tarehe 7 mwezi wa sita 1966, inayoadhibu ubaguzi wa rangi na wa kikabila. Lakini sheria inakusaidia mbele ya ofisi. Mwenye nyumba hakufungulii mlango kwa sababu ya kifungu cha 30.

Sikilizeni maneno kwanza

Wazee wa Likasi na Kolwezi wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993. Watu wenye asili ya Kasai walikuwa wamekaa kule tangu wakati wa Wabelgiji, walipoletwa kufanya kazi katika reli na katika migodi ya Union Minière, ambayo baadaye ikawa Gécamines. Watoto wao walizaliwa kule, wakasoma kule, wakaoa na kuolewa kule. Kiswahili chao kilikuwa cha Katanga. Lakini katika mikutano ya siasa wakaanza kuitwa «bilulu», ndiyo kusema wadudu. Kisha mamia ya maelfu wakafukuzwa. Wengi walilala majuma na miezi kwenye stesheni za reli wakingojea treni ya «kurudi» katika jimbo ambalo baadhi yao hawakuwa wameliona hata siku moja. Wengi waliuacha uhai wao njiani. Leo watu wa asili ya Kasai wanakaa tena katika miji ya Katanga, na wanafanya biashara na kazi kama wengine. Hatutaji jambo hili kwa kuamsha vidonda. Tunalitaja kwa sababu maneno yalitangulia, na fujo ikafuata nyuma.

Kwa hiyo ukifika mji usioujua, sikiliza watu wa kule wanawaitaje wageni. «Wakimbizi» ni neno la kawaida. «Wakujakuja» mara nyingine ni mzaha, mara nyingine siyo, na utajua kwa sauti ya anayelisema. Lakini mahali watu wanapoitwa majina ya wanyama, wadudu au ugonjwa, na hakuna mtu anayemkemea msemaji, usipeleke watoto wako. Sikiliza redio za pale, hasa vipindi ambamo wasikilizaji wanapiga simu. Je, mwenye kuongoza kipindi anamkata msemaji mbaya, au anacheka naye? Omba mtu wa pale akuonyeshe yanayopita katika vikundi vya WhatsApp vya kartie. Hapo ndipo uvumi unapokimbia kuliko mota.

Nyumba, soko, shule, kilio

Alama ya pili ni utaratibu wa maswali. Ukitafuta nyumba, komisiyoneri atakuuliza mambo mengi: una watoto wangapi, unaweza kutoa garanti ya miezi mingapi, unafanya kazi gani. Hayo ni ya kazi yake. Lakini kama swali la kwanza ni «wewe wa wapi?», na bei inabadilika akisikia jina la ukoo au namna unavyosema Kiswahili, ujue umejifunza kitu kwa bure. Tunashauri mtu mmoja aulize bei, na kesho yake mwingine wa kabila lingine aulize bei ya nyumba ile ile.

Soko linasema mengi kuliko ofisi yoyote, na hapo tunapenda kukaa muda mrefu. Msiangalie tu kama makabila yote yapo. Makabila yote yanakuwa sokoni hata pale wanapochukiana, kwa sababu njaa haina kabila. Pia msitishwe kuona akina mama wa upande mmoja wameketi mstari mmoja: anayetoka upande wa msitu anauza makala, anayetoka upande wa ziwa anauza sambaza, na kila biashara inakaa mahali pake. Angalieni deni. Mama wa kabila hili anamkopesha unga mama wa kabila lile mpaka jioni? Anayekwenda chooni anamwachia nani meza yake? Katika likelemba ya soko, majina ni ya kabila moja au yamechanganyika? Likelemba haina karatasi ya mahakama. Yule anayepokea wa kwanza angeweza kukimbia na pesa ya wote. Mahali watu wa makabila mbalimbali wanacheza likelemba pamoja, pana kitu kigumu ambacho hakivunjwi na uvumi wa siku moja. Na kama ilikuwa ya mchanganyiko mwaka jana, na mwaka huu imegawanyika, ulizeni sababu. Jibu la swali hilo tunalithamini kuliko hotuba ya kiongozi.

Shuleni, nendeni saa ya mapumziko. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, zinasema watoto waliohama wana haki ya kusoma, na tangu mwaka wa shule 2019-2020 serikali ilitangaza masomo ya msingi bila malipo katika shule za umma. Ulizeni mkurugenzi kama anampokea mtoto ambaye buletini yake iliungua pamoja na nyumba. Anayetafuta njia ya kumpima mtoto na kumweka darasani anaonyesha roho ya shule yake. Kisha waulizeni watoto, mbali na mwalimu, ni majina gani wanaitana.

Kilio vilevile. Mkimbizi akifiwa katika kartie ile, nani alikuja kulala matanga? Ni watu wa kabila lake na kanisa lake tu, au na jirani wa mlango wa pili?

Hapa tuseme neno juu ya «uvumilivu», neno tunalolitumia sana katika semina zetu. Kuvumilia ni kubeba kitu kinachokuumiza. Mji unaweza kuwavumilia wageni miaka mitano, na mwaka wa sita, bei ya kodi na ya unga ikipanda, ukachoka kuwabeba. Ndiyo maana hatutosheki tukiambiwa «hapa hatujapata shida na wageni». Tunauliza swali lingine: siku ya shida, jirani alifanya nini? Kila mji wetu una siku yake mbaya. Bunia, katika miaka ya 2002 na 2003, mtu aliweza kuuawa kwa kuvuka barabara na kuingia kartie isiyo ya kabila lake. Mahali kama pale, swali la maana kwa leo ni hili: nani alificha nani? Watu waliokufichia mtoto siku ile, au waliofichiwa wao, hawasahau, na watakuambia majina na milango. Kama katika kartie nzima huwezi kupata habari moja ya namna hiyo, ni alama pia.

Tena mlango haufunguki sawa kwa wote. Mji unaompokea vizuri mfanyabiashara unaweza kumkataa Mbuti au Mutwa. Unaompokea Mushi au Munande unaweza kumtilia mashaka Munyamulenge kwa sababu ya sura yake, hata kama babu yake alizaliwa inchini. Mjane, msichana aliyebakwa, mtoto anayesingiziwa uchawi, hao wanakuwa wageni mara mbili. Kiongozi anayechunguza mji asiulize kama yeye mwenyewe atapokelewa. Aulize kwa jina la yule aliye dhaifu kuliko wote katika kundi lake.

Sisi mashirika pia tunaweza kuharibu. Tukigawa mikeka na mafuta kwa waliohama tu, na jamaa iliyowapokea imelala njaa ili wao wale, tunapanda wivu katika nyumba ile ile. Ulizeni basi kama katika kartie ile msaada uliwafikia na wenyeji, na kama shefu wa kartie anaandika wageni bila kudai pesa. Pale wenyeji waliposahauliwa, mtakuta hasira ambayo si ninyi mliyoileta, lakini ni ninyi mtakaoilipa.

Safari ya kwenda kuona

Msihamishe kundi lote kwa habari ya simu. Tumeni watu watatu au wane, na wawili kati yao wawe wanawake, kwa sababu mwanaume haelezwi mambo ya kisimani wala ya likelemba. Wakae siku nne au tano, ndani yake wapate siku ya soko kubwa na siku ya ibada. Wasilale kwa ndugu wa kabila pekee. Usiku mmoja walale kwingine. Wasiende na gari letu, maana mbele ya gari la shirika kila mtu ni mpole.

Wakirudi, wanawake watoe habari kwanza, na wasikilizwe bila wanaume kuwakata maneno. Tumeona mara nyingi kwamba wanaume wanaleta habari za kazi na za viongozi, na wanawake wanaleta habari za milango. Kama habari hazipatani, msipige kura haraka. Tumeni tena, au peleke jamaa mbili au tatu wakae kwanza kwenye avenue mbalimbali, si zote pamoja. Na kama inawezekana wafike kabla ya mwezi wa tisa, ili watoto waanze mwaka wa shule siku moja na wengine, wasiingie darasani katikati ya mwaka huku kila mtu amegeuza kichwa kuwatazama.