Morwellham: shaba iliondoka na maji

Bandugu ba kazi, siye bachimbaji tunajua namna muji unavyolegea wakati mugodi inafungwa. Leo tuangalie kijiji kimoja cha Uingereza kilichopita njia hiyo mbele yetu. Kinaitwa Morwellham, ku muto Tamar, mupaka wa Devon na Cornwall.

Bahari iko mbali, lakini maji yake yanapanda muto mara mbili kwa siku, kisha yanashuka na kuacha matope. Njo maana meli zilifika pale na maji ya kupanda, zikapakia shaba, zikangoja maji tena ili zitoke.

Mu 1844 shaba mingi ilivumbuliwa karibu na pale. Mugodi iliitwa Devon Great Consols. Kampuni ilianza na hisa 1024, kila moja paundi 1. Haikupita miaka 2, hisa moja ilifika paundi 800! Mawe yalishushwa kwa reli mpaka bandarini, halafu yakaenda kuyeyushwa Swansea, ku Wales, kwenye makaa. Siye pia tunajua habari ya mawe yanayoondoka mabichi.

Na mikono ya kazi? Bamama na mabinti balikuwa inje banaponda mawe na nyundo. Baadaye mugodi ilitoa arseniki, sumu kali. Bafanyakazi balijiziba pua na udongo, balifunga uso na kitambaa. Kinga yao njo ilikuwa hiyo tu.

Mu 1866 bachimbaji ba bonde lile balijiunga mu sendika. Bapatroni balikataa, askari balitumwa, sendika ikavunjika.

Kumbe kati ya benye hisa kulikuwa familia ya William Morris, mushairi. Yeye mwenyewe alikaa mu baraza ya kampuni tangu 1871 mpaka 1875. Nyuma akawa musoshalisti, akatetea bafanyakazi kwa nguvu. Ni vizuri, lakini bale ba 1866 balikuwa bamekwisha kushindwa.

Mugodi ilifungwa mu 1901. Leo kijiji ni fasi ya kutembelea: bageni banalipa, banaingia mu mugodi ya zamani na kagari ka reli. Tangu 2006, UNESCO inailinda.

Maji ya Tamar yangali yanapanda na kushuka. Shaba haikurudi. Bandugu, tusingoje mugodi ifungwe ndipo tuulize faida ilikwenda wapi. Swali hilo tuliweke ku meza leo, wakati mawe yangali yanatoka.