Hatua Kumi za Mwisho

Ifikapo Novemba, barabara kuu za Marekani zinazoshuka kusini huanza kujaa magari-nyumba. Ndani yake wamo wastaafu wa Minnesota na Dakota Kaskazini, na wenzao wa Saskatchewan na Alberta huko Kanada, watu waliozoa theluji milangoni mwao maisha yao yote na sasa hawataki tena. Huitwa ndege wa theluji. Wengi huweka kambi kusini mwa Arizona, katika jangwa la Sonora, na hawaondoki mpaka Machi au Aprili. Januari, joto la mchana katika mji wa Yuma hufika nyuzi 20 za Selsiasi na zaidi, wakati maziwa ya kwao yamefunikwa na barafu nene ya kuhimili gari. Quartzsite, mji mdogo wenye wakazi wapatao 2,400, huzungukwa na maelfu kwa maelfu ya wageni, kwa kuwa ardhi ya serikali iliyo kando yake imetengwa kwa kambi za muda mrefu kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili.

Miezi mitano ni mingi kwa mtu asiye na kazi. Wako wanaocheza gofu, wako wanaookota mawe ya rangi. Na wako wanaoamka asubuhi, wakasoma namba mbili kwenye simu, wakavaa kofia na kuingia jangwani kutafuta kopo lililofichwa na mtu wasiyemjua. Mchezo wao huitwa jiokeshi, na kanuni zake ni chache: mtu huficha kasha lisiloingiza maji, lenye kidaftari na vitu vidogo vidogo, kisha hutangaza latitudo na longitudo ya mahali pale. Anayelipata huandika jina na tarehe. Akichukua kitu huacha kingine cha thamani hiyohiyo. Halafu hulirudisha palepale alipolikuta. Makasha ya namna hii yamepita milioni 3 duniani.

Ukiutazama juujuu utauona mchezo wa watoto. Mimi nauona kuwa mojawapo ya njia bora za kuijua nchi ngeni, kwa sababu setilaiti humsogeza mtu karibu bila kumfikisha. Hubaki hatua kama kumi, na hizo hutembewa kwa macho, kwa subira na kwa kuielewa ardhi unayoikanyaga.

Mchezo huu una tarehe ya kuzaliwa. Hadi mwaka 2000, mawimbi ya GPS yaliyoachiwa raia yalivurugwa kwa makusudi na jeshi la Marekani ili adui asiyatumie, na kifaa cha kawaida kiliweza kukosea kwa mita 100. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei mwaka huo, kwa amri ya Rais Bill Clinton, uvurugaji huo ulizimwa. Kesho yake, tarehe 3 Mei, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Dave Ulmer alikwenda msituni karibu na Beavercreek, nje ya jiji la Portland jimboni Oregon, akafukia ndoo nyeusi hadi nusu yake. Ndani alitia vitabu, programu za kompyuta, manati na kopo la maharage. Akawatangazia namba wapenzi wenzake wa GPS, na baada ya siku chache Mike Teague, mkazi wa jimbo jirani la Washington, akawa ameipata. Haraka hiyo haishangazi. Katika eneo la mita 100 huwezi kupekua kila kichaka. Katika eneo la mita 10 unaweza.

Lakini hizo mita 10 zenyewe hupatikanaje? Hapa ndipo palipo na utamu wote.

Setilaiti za GPS zinazofanya kazi ni zaidi ya 24, nazo huizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikimaliza mizunguko miwili kwa siku. Kazi yake ni kutangaza mambo mawili bila kukoma: mahali ilipo, na saa iliyo nayo. Simu iliyo mkononi mwako haiitumii setilaiti chochote, inasikiliza tu. Wimbi likitoka utosini mwa anga huchukua takriban sehemu 67 za elfu za sekunde kufika ardhini. Simu huzidisha muda huo kwa kasi ya nuru, kilomita karibu 300,000 kwa sekunde, na kupata umbali. Umbali mmoja hukuweka mahali popote juu ya tufe kubwa lililoizunguka setilaiti hiyo. Tufe la pili hulikata la kwanza kwa duara, na la tatu huliacha duara hilo na nukta mbili, moja ikiwa mahali pasipowezekana, mbali angani. Basi setilaiti tatu zingetosha, kama simu ingekuwa na saa kamili. Haina. Saa ya simu ni ya bei rahisi, na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni mita 300 ardhini. Ndiyo maana huhitajika setilaiti ya nne, ili hesabu itoe pia jibu la swali ambalo mtafutaji hakujua kuwa ameliuliza: saa yangu imekosea kwa kiasi gani?

Saa za setilaiti zenyewe ni za atomiki, na ni sahihi kupita kiasi cha mtu kufikiri. Hata hivyo zikipelekwa huko juu hubadili mwendo. Albert Einstein alikwishaeleza sababu kabla setilaiti ya kwanza haijarushwa. Mahali penye mvutano hafifu wa dunia, saa hukimbia: kwa kimo hicho, hutangulia mikrosekunde 45 kila siku. Kitu kilicho mwendoni, saa yake huchelewa: kwa kasi ya karibu kilomita 4 kwa sekunde, huchelewa mikrosekunde 7. Tofauti inayobaki ni mikrosekunde 38 kwa siku, nayo katika umbali unaopimwa kwa nuru ni zaidi ya kilomita 11. Wahandisi huirekebisha tangu kiwandani. Mzee wa miaka sabini anayeinama kwenye kichaka cha Arizona akichungulia kopo, anatumia nadharia ya uhusianifu kila asubuhi.

Halafu dunia yenyewe si tufe kamili. Nusu kipenyo chake kwenye ikweta kinazidi kile cha kwenye ncha kwa kilomita 21 hivi, na uso wa bahari una mabonde na vilima vinavyotokana na mvutano usiolingana wa miamba iliyo chini. Kusini mwa Sri Lanka, uso wa Bahari yetu ya Hindi umedidimia zaidi ya mita 100 chini ya umbo laini linalotumiwa kwenye hesabu. Bila kulijua umbo halisi la dunia, kimo kinachotolewa na GPS kingekuwa cha kubahatisha. Miongoni mwa walioifanya kazi ya kulitafuta umbo hilo ni Gladys West, mwanahisabati Mmarekani mweusi, binti wa wakulima wa Virginia, aliyeajiriwa mwaka 1956 katika kituo cha jeshi la wanamaji huko Dahlgren na kuandaa programu za kompyuta za kukokotoa umbo la dunia kutokana na vipimo vya setilaiti. Kwa miaka mingi hakujulikana nje ya ofisi yake. Jeshi la anga la Marekani lilimtambua rasmi mwaka 2018. Jina lake linastahili kufundishwa katika shule zetu.

Sasa turudi kwenye hatua zile kumi. Simu nzuri chini ya anga wazi hukosea kwa mita 5 hivi. Aliyeficha kasha naye alikosea kiasi chake alipozichukua namba, na makosa hayo mawili huweza kuongezana. Ukiingia kwenye korongo, kuta za mwamba hufunika sehemu ya anga na mawimbi hudunda kabla ya kukufikia. Wimbi lililodunda limesafiri njia ndefu zaidi, na simu huamini uko mbali kuliko ulipo. Juu zaidi kuna ionosfea, tabaka la anga lenye chembe zenye chaji ya umeme, linalochelewesha mawimbi. Jua likichafuka, tabaka hilo nalo huchafuka. Dhoruba ya jua ya tarehe 10 na 11 Mei 2024 iliwakuta wakulima wa Marekani katikati ya msimu wa kupanda, na wengi walilazimika kusimamisha matrekta yao yanayoongozwa kwa GPS.

Kwa hiyo mtafutaji mzoefu akifika karibu huweka simu mfukoni na kuanza kuisoma ardhi. Jangwa la Sonora ni kitabu kinene. Alama yake kuu ni sawaro, mpungate mkubwa kama nguzo, usioota porini kokote duniani ila katika jangwa hili. Shina lake lina mikunjo kama ya sketi ya shule: mvua ikinyesha mikunjo hufunguka na mti hunenepa kwa maji, kiangazi kikija hujifunga tena. Mche wa sawaro hukua sentimita chache tu katika miaka yake minane ya kwanza, na kwa kawaida huanzia chini ya mti mwingine unaoukinga na jua na baridi ya usiku. Mkono wa kwanza hutokea baada ya miaka 50 hadi 70, na penye ukame zaidi hufika hata 100. Ukiuona sawaro wenye mikono mitano, unatazama kiumbe ambacho huenda kilikuwapo kabla Arizona haijawa jimbo mwaka 1912. Na ukijua kwamba mche hupenda kivuli, utajua pia pa kuchungulia: anayeficha kasha la plastiki hulikinga na jua kwa sababu zilezile.

Katika hifadhi nyingi za taifa za Marekani haikubaliki kuacha kasha ardhini bila ruhusa, na kwa haki kabisa. Lakini tangu mwaka 2004 kuna namna ya mchezo isiyo na kasha, iliyoanzishwa kwa ushirikiano na Jumuiya ya Jiolojia ya Marekani. Namba hukupeleka kwenye mwamba, na badala ya kufungua kopo unajibu maswali: tabaka hili lina unene gani, nyufa hizi zimelalia upande upi, unadhani ni nini kilichozifanya? Binafsi naiona hii kuwa namna bora kuliko zote. Mashariki ya jiji la Tucson, humohumo Arizona, iko milima ya Chiricahua, nchi ya asili ya Waapache wa jina hilo, yenye maelfu ya nguzo za mawe zilizosimama wima. Miaka milioni 27 iliyopita volkano ililipuka hapo, majivu yake yakashikamana kwa joto yakawa mwamba, mwamba ukapasuka ulipopoa, na barafu na maji vikapanua nyufa hadi zikabaki nguzo. Mtu aliyepita kwa basi huondoka na picha. Aliyelazimika kupima ufa mmoja kwa mkono wake huondoka na maelezo.

Nchi ngeni haisomwi kwa miamba tu. Pale Quartzsite penyewe, kuna kaburi ambalo msomaji wa pwani angesimama kulitazama. Ni piramidi ndogo ya mawe yenye ngamia wa shaba juu yake, iliyojengwa mwaka 1935. Amelala hapo Hadji Ali, mchunga ngamia kutoka dola ya Waosmani, ambaye Wamarekani walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Hi Jolly. Alifika mwaka 1856, jeshi lilipoagiza ngamia kwa meli ili wabebe mizigo katika majangwa ya kusini magharibi. Wanyama walifanya kazi vizuri, lakini askari hawakuwapenda, nyumbu waliwaogopa, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1861 vikaumaliza mpango. Visukuku vinaonyesha kwamba ukoo wa ngamia ulianzia Amerika Kaskazini, ukaenea Asia na Afrika, kisha ukatoweka huko ulikoanzia zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Ngamia wa Hadji Ali walikuwa wamerudi kwao.

Na namba zenyewe anazozifuata mtafutaji zimeshikizwa wapi? Kusini magharibi ya Tucson, juu ya mlima Kitt Peak ulio katika ardhi ya watu wa Tohono O'odham, miongoni mwa darubini nyingi kuna dishi kubwa lenye kipenyo cha mita 25. Ni mojawapo ya madishi 10 yaliyosambazwa kutoka Hawaii hadi visiwa vya Karibi, yanayosikiliza kwa pamoja mawimbi ya redio ya viini vya magalaksi vilivyo mbali kiasi kwamba kwetu huonekana havisogei. Kwa kulinganisha muda wa kufika kwa mawimbi hayo, njia hii hupima mzunguko wa dunia na mwendo wa mabara. Vipimo vya aina hiyo ndivyo vinavyozishikiza namba za latitudo na longitudo, maana ardhi haitulii. Kwetu pia ni hivyo: vipokezi vya GPS vimeonyesha kwamba Bonde la Ufa linapanuka kwa milimita chache kila mwaka. Na ionosfea ya maeneo ya ikweta ni nene na yenye vurugu zaidi, hasa baada ya jua kuzama, kwa hiyo simu ya Nairobi au Mwanza ina kazi ngumu kuliko ya Tucson.

Ndege wa theluji wana sababu nyingine ya kuucheza mchezo huu majira ya baridi. Mwaka 2023, jiji la Phoenix lilipitisha siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 au zaidi. Kutembea jangwani wakati huo ni kutafuta kifo. Baridini nyoka wenye njuga mkiani hujificha na kupoa, ingawa hawatoweki, na siku ya jua kali hutoka kuota. Mkono mtupu hauingizwi shimoni. Tumia fimbo kwanza, na tochi.

Walimu wa jiografia wa Afrika Mashariki, mchezo huu hauhitaji jangwa wala gari-nyumba. Chukueni kopo lenye mfuniko, liwe linaonyesha vilivyomo na liandikwe jina la shule ili lisimtie mtu hofu. Ombeni ruhusa ya mwenye eneo. Lificheni, wapeni wanafunzi namba mbili zenye desimali za kutosha, na wakisharudi waulizeni kwanza simu iliwaacha hatua ngapi kutoka kwenye kopo, na kwa nini.