Deni la Msomi Kijijini

Tangu maabara ya Waswisi ilipofunguliwa Ifakara mwaka 1957, bonde la Kilombero limepokea watafiti wengi. Miongoni mwao ni wanafunzi wa shahada za uzamili na uzamivu. Hao hawadaiwi karo na tasnifu tu. Kabla ya kumchoma mwanakijiji sindano, sharti wawe na kibali cha maadili, wamweleze kwa Kiswahili damu yake ni ya kazi gani, naye ana haki ya kukataa bila kunyimwa matibabu.

Miaka ya 1990 watoto wa Idete walishiriki majaribio ya SPf66, chanjo ya malaria. Chanjo hiyo haikufika zahanati, lakini dunia ilijifunza.

Basi msomi asiyerudi kijijini kueleza alichogundua amevuna shamba la watu.